Wazazi wa Moshi na Arusha: karatasi ya "haiba" ya mtoto si kipimo cha akili yake

#1 Mwalimu wa Rau

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Hesabu hapa Moshi, na shuleni nimepewa pia dawati la malezi na ushauri nasaha. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Sasa wa Kidato cha Pili wanakaribia kuchagua michepuo na wa Kidato cha Nne wanajaza Selform (fomu ya kuchagua tahasusi), nimeona nisiendelee kulinyamazia.

Wazazi wanaokuja ofisini na karatasi za vipimo vya haiba wanaongezeka. Nyingine zimetoka kwenye vituo binafsi vya ushauri wa elimu, kwa malipo, nyingine mtoto kajaza mwenyewe kwenye simu. Juu kuna jina la mtoto, katikati herufi nne au mistari mitano ya rangi, mmoja mrefu mwingine mfupi. Mpaka hapo sina neno. Shida iko chini, kwenye ile sentensi ya hukumu.

Mama mmoja kaniletea ya binti yake wa Kidato cha Pili. Mstari wa udadisi ulikuwa mfupi, wa wasiwasi ulikuwa mrefu. Chini wameandika kwamba mtoto ana uwezo wa wastani wa kufikiri mambo ya kidhahania, hivyo inashauriwa asichukue sayansi. Huyo binti ndiye anayenisubiri mlangoni kipindi kikiisha aniulize kwa nini namba haigawanyiki kwa sifuri, na nikimjibu haridhiki, anataka nimwonyeshe kwenye daftari. Mama ameshaamua kumpeleka sanaa. Ndiyo maana naandika, na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Uhusiano kati ya haiba na akili upo, sitaki kudanganya mtu. Vipimo ambavyo wanasaikolojia wanaviamini zaidi vinagawa haiba katika maeneo matano: udadisi na uwazi wa fikra, bidii na mpangilio, uchangamfu, upole kwa wenzako, na wasiwasi. Akili hupimwa kwa njia nyingine kabisa. Kipimo cha Raven cha mwaka 1938, kwa mfano, kina michoro iliyokosa kipande kimoja, na mtoto anatafuta kinachokamilisha mpangilio. Yaani kwenye akili mtoto anafanya kazi, jibu linakuwa sahihi au kosa. Kwenye haiba anajieleza tu.

Sasa hivyo viwili vinakwenda pamoja kiasi gani? Watakwimu hupima kwa namba: 0 maana yake hakuna uhusiano, 1 maana yake vinaongozana bila kuachana. Ikitanguliwa na alama ya kutoa, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Mwaka 2022 Jeromy Anglim na wenzake walijumlisha tafiti zenye watu zaidi ya 160,000. Udadisi na akili: 0.20. Wasiwasi na akili: -0.09. Bidii, uchangamfu na upole viko karibu na sifuri.

Tuiweke hiyo 0.20 darasani. Tuna wanafunzi 100. Chukua 50 waliopata alama za juu za udadisi. Kwa uhusiano wa 0.20, kama 28 kati yao watakuwa nusu ya juu ya kipimo cha akili na kama 22 watakuwa nusu ya chini. Kama kusingekuwa na uhusiano wowote ingekuwa 25 kwa 25. Kwenye wasiwasi ni hafifu zaidi: kati ya 50 wenye wasiwasi mwingi, kama 24 wako nusu ya juu ya akili na 26 nusu ya chini. Hapo ndipo mtu anasimama na kumwambia mzazi mtoto wako sayansi haimfai! Mimi nafundisha hesabu, na hesabu hii hainipeleki huko hata kidogo.

Halafu angalieni maswali yenyewe. Kuna benki ya maswali ya haiba iliyo huru kwa yeyote kutumia, iliyoanzishwa na Lewis Goldberg wa Marekani, na vipimo vingi vya bure vya mtandaoni vimechota humo. Eneo la udadisi lina maswali kama "Nina msamiati mwingi", "Naelewa mambo haraka", "Napata shida kuelewa mambo ya kidhahania". Yaani umemuuliza mtoto kama ana akili, jibu umeliweka kwenye kapu la haiba, kisha unashangaa haiba inaendana na akili.

Nilikaa na binti tukapitia majibu yake. Kwenye "Naelewa mambo haraka" aliweka hapana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema darasani kwao kuna wawili wanaomzidi. Wawili, katika mkondo mzima. Mtoto wa darasa lenye wanafunzi wakali hujishusha, na yuleyule ukimhamishia darasa la kawaida atajipandisha. Herbert Marsh amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980.

Jingine nililoliona kwenye karatasi ile: kwenye "Huwa naanzisha mazungumzo" aliweka ndiyo. Ukurasa wa pili, "Huwa sina mengi ya kusema", ndiyo. Maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza, na mtoto ana mwaka mmoja na nusu tu tangu aanze kusoma kila somo kwa Kiingereza. Christopher Soto na wenzake mwaka 2008 walionyesha kwamba kuanzia miaka 10 hadi 20, kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo majibu yake yanavyovurugwa zaidi na tabia ya kukubali kila sentensi au kukataa kila sentensi. Sasa ongeza lugha ambayo bado anajifunza. Asiyeielewa vizuri lugha ya maswali atatoa haiba isiyoeleweka, na huyohuyo atafanya vibaya kwenye kipimo cha akili cha lugha hiyohiyo. Kwenye kompyuta vitaonekana vinahusiana, kumbe kilichopimwa pande zote mbili ni Kiingereza.

Karibuni tujadili. Wenye watoto waliopewa karatasi hizi, naomba mseme waliambiwa nini.

#2 Baba wa Sakina

Mwalimu, asante sana kwa uzi huu. Nipo Arusha. Wangu ni wa Kidato cha Nne, kwake imekuwa kinyume. Alipimwa akapewa herufi INTP, na maelezo yakasema watu wa aina hii wana akili nyingi, wanafikra, wanasayansi wakubwa. Nyumbani tulifurahi. Tangu siku hiyo kijana amepunguza kufanya mazoezi ya maswali. Ukimwambia akasome anasema yeye huelewa dhana, hana haja ya kurudia rudia. Mtihani wa moko Fizikia imeshuka. Naomba kujua, ni kweli hizo herufi zinaonyesha akili?

#3 Kahawa ya Kibosho

Mleta mada umeandika vizuri lakini naomba nikupinge sehemu. Nimesoma saikolojia na kazi yangu ni ya rasilimali watu, vipimo hivi navijua.

Moja, 0.20 si kitu cha kubeza. Kwenye elimu ya tabia za binadamu mambo mengi tunayoyaamini yana namba ndogo kuliko hiyo. Mbili, kwa swali la Baba wa Sakina, ile herufi N kwenye MBTI (kipimo chenyewe cha herufi nne), yaani mtu wa kupenda mawazo kuliko mambo ya kushikika, kweli huendana na alama za juu kwenye vipimo vya akili. Halijatungwa na kituo. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, haiba inatabiri matokeo ya shule. Angela Duckworth na Martin Seligman mwaka 2005 walichukua wanafunzi wa darasa la nane huko Marekani wakapima kujidhibiti na IQ, yaani alama ya kipimo cha akili. Kujidhibiti kulieleza tofauti za alama za mwisho wa mwaka zaidi ya mara mbili ya IQ. Mzazi akijua mtoto wake ana upungufu hapo, amsaidie. Tukizitupa karatasi zote tunamnyima mtoto msaada.

#4 Mwalimu wa Rau

Mkuu Kahawa, nimefurahi umekuja, nilikuwa naomba mtu wa fani aingie.

Kwanza Baba wa Sakina. Hiyo N ni kweli ina uhusiano na akili, Kahawa kasema sawa. Lakini Robert McCrae na Paul Costa walishaonyesha mwaka 1989 kwamba mhimili huo wa MBTI unaendana sana na udadisi wa yale maeneo matano. Kwa hiyo ni jambo lilelile tulilolisema juu, na nguvu yake ni ileile ndogo. Tena MBTI inaongeza kasoro yake. Watu wengi wako katikati ya mhimili, wao wanachora mstari, wa kushoto S (wa mambo ya kushikika), wa kulia N. Mtoto aliyeuvuka mstari kwa swali moja anapewa herufi sawa na aliye mwisho kabisa. Ndiyo maana ukiwapima watu tena baada ya wiki tano, hadi nusu yao wanaweza kubadilika angalau herufi moja. Mwite kijana umwambie hivyo, na Fizikia iliyoshuka ni ushahidi wenye uzito kuliko hizo herufi.

Kahawa, kuhusu 0.20 tunakubaliana kwa sharti moja. Ukiwa na wanafunzi elfu kumi na unataka kuelewa jinsi udadisi na akili vinavyokua pamoja, 0.20 ni taarifa nzuri. Wapo wanaofikiri udadisi unamsukuma mtoto kusoma zaidi na hivyo kukuza maarifa, wapo wanaoona anayeelewa haraka hufurahia mawazo mapya ndipo akawa mdadisi. Ni mjadala mzuri. Ila mtoto aliyekaa mbele yangu ni mmoja, na kwa mtoto mmoja namba hiyo haiamui chochote.

Kuhusu Duckworth na Seligman nakubali kabisa kwamba bidii ina kazi kubwa darasani. Arthur Poropat mwaka 2009 alijumlisha tafiti zenye wanafunzi zaidi ya 70,000, akakuta uhusiano wa bidii na matokeo ya shule ni takriban 0.2, si mbali na ule wa akili, na kwamba bidii haikupata nguvu hiyo kwa kupitia akili. Lakini tazama hilo linamaanisha nini kwa mada yetu: bidii inaleta alama nzuri huku yenyewe haina uhusiano wa maana na akili. Hivyo mtoto mwenye mstari mfupi wa bidii hajaambiwa lolote kuhusu akili yake.

Na shule waliyotumia Duckworth na Seligman ilikuwa inachagua wanafunzi wa kuingia. Ukishachuja, tofauti za IQ zinabanwa, lazima nguvu yake ionekane ndogo. Huko Estonia, Jüri Allik na wenzake walichapisha mwaka 2007 kazi yenye wanafunzi 3,618 wa kuanzia darasa la pili hadi la kumi na mbili. Kwao akili, kwa kipimo cha Raven, ndiyo iliyotabiri matokeo zaidi katika kila ngazi, na haiba ikafuata nyuma. Sisemi mmoja kakosea. Nasema ukisoma namba, uliza kwanza waliopimwa walifikaje pale.

Hili la mchujo nalikazia, maana huku kwetu linapotosha walimu wengi. Chukulia shule inayochukua watoto wa ufaulu wa juu, tuseme Ilboru hapo Arusha. Mtoto anaweza kufikia ufaulu huo kwa wepesi wa kuelewa, au kwa kujituma, au kwa vyote. Asiye na chochote hakuingia. Sasa ukipima waliomo ndani tu, utakuta wasio wepesi sana ni watu wa kujituma mno, na baadhi ya wepesi wamelegea kidogo. Utaandika ripoti kwamba bidii na akili vinapingana. Kumbe waliokosa vyote viwili wamebaki nje ya hesabu yako. Nimewasikia walimu wakimwambia mwanafunzi "wewe unakesha sana kwa sababu kichwa chako kizito". Linaniumiza neno hilo kila nikilisikia.

#5 Fundi wa Majengo

Mwalimu umenigusa. Mimi niliambiwa Kidato cha Pili na mtu aliyekuja shuleni na makaratasi ya kujaza. Alisema mimi ni mtu wa watu, mcheshi, sayansi itanichosha. Baba akaamini, nikaenda sanaa. Sikufanya vibaya, ila moyo haukuwepo. Sasa hivi najifunza umeme wa majumbani chuo cha ufundi. Juzi mwalimu ametueleza kwa nini waya mwembamba unapata moto mzigo ukizidi, akaandika ile kanuni ubaoni, nikajikuta nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Nilikaa nikajiuliza hiyo miaka miwili ningekuwa nimejua mangapi. Ucheshi wangu ulihusianaje na Fizikia?

#6 Mzee wa Marangu

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu yuko Kidato cha Tatu, ni mtoto wa kimya. Kwenye karatasi wameandika hana uwezo wa kujieleza, uchangamfu asilimia kumi na nane, na mwalimu wake akasema watoto wa hivyo hawachangamki kiakili. Kwetu mtoto akikaa na wakubwa anasikiliza. Akiulizwa anajibu. Hivyo ndivyo tulivyomlea. Huyo huyo shambani ananieleza jinsi maji ya mfereji yanavyogawanywa kwa zamu, nani alipata lini na nani anadai, hana pa kuandika. Nauliza, ukimya unapunguza akili?

#7 Mwalimu wa Rau

Shikamoo mzee wangu. Haupunguzi. Uchangamfu na akili, kwa yale majumuisho ya 2022, uko pale pale karibu na sifuri. Aliyemwambia hivyo mjukuu wako hakuutoa usemi huo kwenye utafiti wowote.

Na hiyo asilimia kumi na nane, mzee, waulize ni ya nani. Kawaida maana yake ni kwamba katika watu 100 wa kundi la kulinganishia, 18 wako chini yake. Kundi lipi? Kama ni vijana wa Marekani waliojaza kwenye mtandao, mjukuu wako amelinganishwa na watoto wanaolelewa kubishana mezani na baba zao.

Kuna utafiti uliotoka mwaka 2019, Rachid Laajaj, Karen Macours na wenzao, waliochambua takwimu za watu 94,751 kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Walitaka kujua kama maswali ya kawaida ya maeneo matano yanapima kweli kinachokusudiwa. Majibu yaliyokusanywa kwa watu kuhojiwa ana kwa ana kwa sehemu kubwa hayakujipanga katika maeneo hayo matano. Maswali yaliyopaswa kwenda pamoja yaliachana, na ile tabia ya kuitikia "ndiyo" kwa kila sentensi ilichangia. Hata nje ya mahojiano hayo, Michael Gurven na wenzake mwaka 2013 waliwafuata Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji, na maeneo matano hayakujitokeza kama yanavyojitokeza Ulaya na Marekani. Wataalamu wenyewe wanajadili kama kipimo kinasafiri, halafu kituo cha hapa mjini kinatoa asilimia bila hata nukta ya wasiwasi.

Jambo la umri nalo tusilisahau. Mwaka 2011 Soto na wenzake walitazama majibu ya watu zaidi ya milioni moja wa miaka 10 hadi 65. Bidii na upole hushuka mtoto anapoingia ujana, kisha hupanda tena baadaye. Kwa wasichana wasiwasi hupanda katika umri huohuo. Kidato cha Pili ni miaka 14 au 15. Umempima mtoto akiwa bondeni, ukaandika kwamba hiyo ndiyo nchi yake.

#8 Nyota Njiro

Jamani naomba nami niulize. Binti yangu wasiwasi wake ni wa kweli, sihitaji karatasi kuuona. Siku ya mtihani hali chakula, mikono inakuwa baridi. Mazoezi ya nyumbani anapata yote, akikaa mtihani anakosa hata alilomfundisha mdogo wake jana. Sasa nikisikia wasiwasi una -0.09 na akili naogopa. Inamaanisha wasiwasi unakula akili yake?

#9 Kahawa ya Kibosho

Dada Nyota, hapo nikujibu mimi. Kipimo cha akili nacho ni mtihani. Kina muda, kina mgeni amekaa mbele yako na saa. Mtoto mwenye hofu ya mitihani atapoteza alama palepale kwenye kipimo cha akili, kwa hiyo hiyo -0.09 ndogo, sehemu yake ni hofu inayoingilia upimaji. Adrian Furnham na wenzake waliandika kuhusu hilo. Ukipunguza hofu unapata picha ya karibu zaidi na uwezo wake. Mzoeshe kufanya maswali kwa muda nyumbani, aanze na muda mrefu, upunguze taratibu. Na siku ya mtihani asianze na swali gumu.

Mleta mada, nimesoma jibu lako la #4. La mchujo nimelipokea. Sikuwa nimelitazama kwa shule zetu.

#10 Mwalimu wa Rau

Asante Kahawa, umejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu.

Nyota, niongeze la kwetu kabisa. Robert Sternberg na wenzake walikuja Bagamoyo, wakachapisha kazi hiyo mwaka 2002. Walipima watoto wa shule wa miaka 11 hadi 13 kwa maswali ya kufikiri. Kundi moja wakalifundisha jinsi ya kushughulikia maswali ya aina ile, mafunzo ya chini ya saa moja, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mpangilio wa nani wa kwanza nani wa mwisho ulibadilika sana kwa waliofundishwa, kuliko kwa wale ambao hawakufundishwa. Yaani kipimo cha kwanza kilikuwa kimebeba mambo mengi: ugeni wa maswali, kutojua mtu anataka nini, hofu. Ile alama ya kwanza ndiyo ambayo kituo kingeiandika kwenye karatasi ya rangi na kumkabidhi mzazi.

Na akili yenyewe haijasimama ikisubiri kupimwa. Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walipojumlisha tafiti mwaka 2018, zenye watu zaidi ya 600,000, walikuta kila mwaka wa ziada wa shule unaongeza kati ya pointi 1 na 5 za IQ. Shule yenyewe inajenga kile kinachopimwa. Sasa ukimwondoa mtoto kwenye Hesabu na Fizikia kwa sababu ya mstari mfupi wa udadisi, unamnyima zoezi ambalo lingemjenga.

#11 Baba wa Sakina

Mwalimu nimekusoma mpaka mwisho. Sasa sisi wazazi tusimame wapi? Kituo wanasema kipimo chao ni cha kimataifa. Mimi si mtu wa takwimu, nikienda kule watanizungusha.

#12 Mwalimu wa Rau

Nenda na maswali, na usiondoke bila majibu. Waulize kipimo kinaitwaje na nani alikitengeneza. Waulize kimejaribiwa kwa vijana wa Tanzania au wamechukua tu viwango vya nje. Waombe wakuonyeshe maswali aliyojibu kijana wako, kisha kaa naye umuulize alivyoelewa kila moja. Hapo utajifunza mengi kuliko kwenye ile michoro, naamini hivyo kwa dhati. Waulize pia kwenye suala la akili walifikaje: kama hawakumpa kipimo cha akili, sentensi yoyote inayosema "uwezo wa kufikiri" waifute.

Kwa kuchagua tahasusi, mimi hutazama madaftari. Nachukua mitihani ya mihula yote niliyonayo na kuangalia mwelekeo, siangalii mtihani mmoja. Natazama makosa: kuna mtoto anakosa kwa kutoelewa, kuna anayekosa kwa haraka, kuna aliyekosa mwalimu muhula mzima. Alama inaweza kuwa ileile 42, watoto ni watatu tofauti. Halafu namfundisha mada moja mpya kwa utulivu na kumpa maswali siku ya pili yake. Mtoto aliyepanda sana hapo nampigania, hata kama ripoti yake ya nyuma si nzuri. Na namuuliza anataka nini. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Haiba nayo naizungumza na mtoto, sijaitupa. Asiyejipanga namsaidia ratiba. Mwenye hofu nafanya naye alichoeleza Kahawa. Mkimya simlazimishi kusimama mbele, nampa nafasi ya kuandika. Hayo ni matumizi ya haki ya kumjua mtoto, na hayahitaji kumpangia akili.

#13 Fundi wa Majengo

Mwalimu, na yule binti wa swali la sifuri?

#14 Mwalimu wa Rau

Nimewaomba mama yake na baba yake waje Jumatatu, na mwalimu wa Fizikia atakuwepo. Nimeyaweka pamoja madaftari yake ya Hesabu tangu Kidato cha Kwanza. Mama amekubali kusubiri kabla ya kusaini fomu ya mchepuo.

#15 Baba wa Sakina

Nimetoka kituoni sasa hivi. Jina la kipimo wamenitajia, ila kama kimejaribiwa kwa vijana wetu hawana jibu, na maswali wamesema hawayatoi. Nimewaambia basi wanipe kwa maandishi kwamba hawakupima akili. Wamesema wataandika. Kijana nimekaa naye, nimemsomea #4 yote. Jioni hii yuko kwenye Fizikia, mada ya mwendo, anafanya maswali ya miaka ya nyuma ya NECTA. PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) anabaki nayo kwa sababu aliichagua mwenyewe kabla ya zile herufi.